Pete ya tumbo haikazwi kwa pupa

Mama mmoja wa Kampemba, hapa Lubumbashi, ameniandikia barua ndefu. Naifupisha. Miezi mitano iliyopita alifungwa pete ya tumbo Johannesburg ili apunguze uzito, ile ambayo wengine wanaiita bendi. Ana urefu wa mita 1.64, aliingia chumba cha operesheni na kilo 128, leo ana 118. Pete imekwisha kujazwa maji mara mbili. Kuna siku bukari, ugali wetu, inamkwama kifuani mpaka anatoka mezani kwenda kutapika, na kuna siku anasikia njaa kana kwamba hakufanyiwa kitu. Rafiki ya wifi yake, aliyekatwa tumbo kwa operesheni ya aina nyingine, ameshapunguza kilo 30. Mume anasema fedha zimetupwa. Majirani wanasema ana ugonjwa. Desemba binti yake anaolewa. Anauliza: "Dokta, nirudi nikaombe waikaze sana mara moja, au niendelee kuvumilia? Na nivumilie mpaka lini?"

Mama, usiombe wakukaze sana mara moja. Najua tiketi ya ndege ni ghali na ungependa safari iwe moja tu, lakini usiombe. Na uvumilivu ninaouzungumzia mimi una kazi ndani yake: kilo hazitaanguka zenyewe wakati unangoja, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko mezani pako nyumbani.

Tuanze na pete yenyewe. Ni ya silikoni, imefungwa sehemu ya juu kabisa ya tumbo. Juu yake kimebaki kifuko kidogo kinachochukua mililita 15 hadi 30, yaani kijiko kimoja au viwili vya supu. Chini yake tumbo lako lote lipo zima, halikukatwa. Ndani ya pete kuna kipira kinachojazwa, na mrija unakiunganisha na kile kidude kilichofichwa chini ya ngozi, unachokigusa ukijipaka sabuni. Daktari anachoma sindano pale, anaingiza maji ya chumvi, pete inabana. Akiyatoa, inalegea.

Chakula kilichotafunwa vizuri kinapopenya kidogo kidogo kwenye pete, kinasukuma ukuta wa tumbo, na neva za pale zinapeleka habari kwenye ubongo kwamba kinatosha. Hiyo ndiyo faida ya pete: inakushibisha kwa chakula kichache. Ikikazwa kupita kiasi, chakula hakipenyi tena. Kinarundikana juu, kifuko kinapanuka, umio unachoka na kutanuka nao, na mtu anayetapika kila siku tumbo lake linaweza kuteleza na kupanda juu ya pete. Hapo ni operesheni ya pili, ya kurekebisha au ya kuitoa kabisa. Kisha kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi mapema: aliyekazwa mno mara nyingi hapungui. Nyama haipiti, samaki hapiti, mboga hazipiti, lakini soda, aiskrimu, mayonezi na biskuti zilizolowekwa kwenye chai zinapita bila shida. Mtu anashinda na njaa, anakula vinavyoteleza, na mizani inasimama palepale.

Pete za zamani zilikuwa na kipimo kimoja. Zikishafungwa zimefungwa, na daktari alilazimika kukisia siku ya operesheni ni kiasi gani kitamfaa mgonjwa. Mwaka 1986, Marekani, daktari Lubomyr Kuzmak alianza kuweka pete inayoweza kubanwa na kulegezwa baadaye. Mwaka 1993, Mitiku Belachew, mzaliwa wa Ethiopia aliyekuwa daktari wa upasuaji katika mji wa Huy, Ubelgiji, akawa wa kwanza kumwekea mgonjwa pete ya namna hiyo kupitia matundu madogo, bila kumfungua tumbo. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba ni mwana wa Afrika. Ninayasema haya ili uone kwamba kubanwa polepole, mara nyingi, kwa vipimo vidogo, ndiyo sababu pete yako ilibuniwa. Mjazo wa kwanza kwa kawaida hungoja majuma manne hadi sita ili kidonda cha ndani kipone, kisha mijazo mingine inafuata, mara nyingi ya nusu mililita au mililita moja, katika mwaka mzima wa kwanza. Wewe umejazwa mara mbili. Bado uko mwanzoni.

Sasa hesabu, na naomba baba watoto aisome pia. Kwa urefu wako, mpaka wa juu wa uzito unaofaa ni karibu kilo 67. Uzito wako wa ziada ulikuwa kama kilo 61. Wenye pete wanaofuatiliwa vizuri hupoteza, kwa wastani, karibu nusu ya uzito wa ziada, na hilo huchukua kama miaka miwili. Utafiti mmoja wa Australia uliotolewa mwaka 2013, uliowafuatilia wagonjwa hadi miaka 15, ulikuta wastani wa asilimia 47. Nusu ya 61 ni kama 30. Wewe umepoteza 10 kwa miezi mitano. Umetembea theluthi ya njia kwa karibu moja ya tano ya muda, na majuma ya kwanza pete ilikuwa bado tupu! Fedha hazijatupwa.

Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa pili, nami sitakuficha. Kwa wastani huo, baada ya miaka miwili unaweza kuwa na kilo 98 hivi. Kama moyoni unangoja 65, utakuwa unaihukumu pete kwa ahadi ambayo haikuitoa. Rafiki ya wifi yako ameondolewa zaidi ya theluthi mbili ya tumbo, na kilichokatwa hakirudi; operesheni ile hupunguza haraka katika mwaka wa kwanza. Ni kweli pia kwamba nchi nyingi zimeiacha pete na kuchagua njia hiyo, kwa sababu wagonjwa wengi wa pete walilazimika kurudi kwenye operesheni. Sikuambii hayo ili ujute. Pete iliyomo ndani yako inaweza kukufaa sana ikitunzwa, na kinachoiharibu zaidi ni hicho unachotaka kukiomba.

Halafu mizani isiwe shahidi wako pekee. Kupoteza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunatosha kwa watu wengi kushusha presha na sukari ya damu. Wewe umekaribia asilimia 8. Kama unatumia dawa za presha au za kisukari, nenda ukapimwe mwezi huu, maana dozi ya kilo 128 inaweza kuwa kubwa mno leo na kukuletea kizunguzungu au kushuka kwa sukari. Pima kiuno kwa utepe wa mshonaji. Angalia pumzi ukipanda ngazi.

Nirudi kwenye siku za kukwama na siku za njaa. Umeandika kama vile pete inabadilika tabia kila asubuhi. Kidogo ni kweli: wengi huwa wamebana zaidi asubuhi, au karibu na siku za hedhi, au wakiwa na wasiwasi mwingi. Kwa hao, kikombe cha kitu cha moto kwanza, kisha chakula kigumu baadaye, huleta tofauti. Lakini nikiisoma barua yako kwa makini, naona karibu kila mara ulipokwama palikuwa na bukari, michopo (nyama ya mbuzi ya kuchoma) au mkate mweupe, na karibu kila siku ya njaa ilianza kwa uji, chai ya maziwa na juisi. Hapo pete haina hatia.

Fikiria namna tunavyokula bukari hapa kwetu. Mkono unamega, tonge linaviringishwa kiganjani, kidole gumba kinalibonyeza katikati, linachota mchuzi, linaingia mdomoni na kushuka karibu zima. Tangu utotoni hakuna aliyetufundisha kutafuna bukari, tunaimeza. Tonge hilo likifika kwenye pete linakaa hapo kama donge, halivunjiki wala halipiti. Maumivu yanashika katikati ya kifua, mate yanajaa mdomoni mazito kama ute, na hupati nafuu mpaka lirudi. Huo si ugonjwa na wala hauna maana kwamba pete imebana vya kutosha. Ni tonge kubwa lililomezwa kwa mazoea ya miaka arobaini.

Kwa hiyo anza chakula na samaki au ndakala (dagaa) zilizopikwa laini, yai, au maharagi yaliyoiva kabisa. Sombe, majani ya muhogo, inafaa sana kwa sababu imeshatwangwa. Lengalenga, yaani mchicha, pia, ukikatakata mashina. Vinkubala, vile viwavi vinavyoliwa, ni hazina, uzito wake mkavu zaidi ya nusu ni protini, ila viloweke na kuvichemsha mpaka vilainike, usile vilivyokaangwa vikakauka. Unahitaji kama gramu 60 za protini kwa siku, na yai moja lina kama 6 tu, kwa hiyo protini ndiyo iingie kwanza wakati kifuko bado kina nafasi. Bukari ije mwisho, tonge lisizidi ncha ya kidole chako kidogo, nalo ulitafune. Ndiyo, bukari itafunwe. Kila unachokula kitafune mpaka kiwe uji, kimeze, hesabu kama dakika moja kabla ya kingine. Baada ya dakika 20 au 30 acha, hata kama sahani ina kitu. Michopo iweke kando kwa miezi kadhaa. Nyama ya mbuzi iliyochomwa ikakauka inawashinda hata waliozoea pete kwa miaka.

Jifunze pia dalili zako za kutosha, kwa sababu hazifanani na za zamani. Zamani ulijua umeshiba tumbo likijaa. Sasa utaona kikwikwi kimoja, au kamasi zinaanza kutiririka, au unavuta pumzi ndefu bila kutaka, au uzito mdogo chini ya kifua. Hapo umefika. Tonge moja baada ya hapo ndilo linalorudi. Ukikwama, simama, tembea, usinywe maji juu yake kwa kudhani yatasukuma, yatarundikana tu. Likishatoka, siku hiyo yote kunywa vimiminika tu, kwa sababu pale ndani pamevimba na chakula kigumu kitakwama tena.

Kuhusu vinywaji nitasema kwa ufupi. Usinywe wakati wa kula wala nusu saa hadi saa moja baada yake. Soda na bia zina gesi, zinaumiza kifuko. Na pete haizuii kitu chochote cha majimaji: munkoyo wetu wa mahindi wenye sukari, juisi, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, vyote vinashuka moja kwa moja na havikushibishi.

Fanya hivyo kwa majuma matatu, ukiandika kwenye daftari: nimekula nini, nimeshiba muda gani. Kama unakula kikombe kimoja cha chakula kigumu, umekitafuna vizuri, na njaa ya kweli inarudi baada ya saa mbili, basi pete imelegea na unahitaji kuongezewa. Kama shibe inadumu kwa saa nne au tano, usiguse kitu, hata kama mizani imelala juma moja. Kama unakwama hata kwa chakula laini kilichotafunwa, au unakohoa usiku na tindikali inapanda ukilala, imebana mno na inatakiwa kulegezwa. Daktari akiliona daftari hilo atajua la kufanya kwa dakika chache kuliko kwa maelezo ya saa nzima.

Ukisafiri kwa mjazo, usipande ndege kurudi siku hiyohiyo. Pete inaweza kuonekana sawa pale kliniki ukinywa maji, kisha ikabana zaidi baada ya siku moja au mbili. Kaa huko kama siku tatu: kwanza vimiminika, kisha laini, kisha jaribu chakula kigumu kidogo ukiwa bado karibu na aliyekujaza. Ni gharama, najua, lakini kulala siku mbili Johannesburg ni rahisi kuliko kurudi Lubumbashi huwezi kumeza mate. Tena usikubali mtu yeyote akuchome pale kwenye kidude kwa sindano ya kawaida, hata akiwa na nia njema; kuna sindano maalumu isiyotoboa mpira wake, na ya kawaida inauharibu ukavuja.

Sasa watu. Najua hili ndilo linalokuuma kuliko bukari, ingawa umeliandika kwa mstari mmoja tu. Kwetu mama aliyenenepa anaonekana anatunzwa. Akikonda, wanaanza kunong'ona. Na kukataa chakula cha mtu, hasa kwenye kilio au kwa wakwe, ni kama kumkataa yeye. Huna deni la kumweleza kila jirani kilicho tumboni mwako. Lakini ninakushauri uwe na mtu mmoja anayejua katika kila nyumba unayokula mara kwa mara, dada, shangazi au mke wa kaka, ambaye atakupakulia kwenye kisahani na kukutetea kabla hujafungua mdomo. Kwa wengine sema, "Dokta amenipa masharti ya chakula." Ni kweli na inatosha. Mumeo mchukue mara moja kwa daktari, asikie mwenyewe hesabu niliyokuandikia. Wanaume wengi wanaolalamikia fedha wanatulia wakijua ni lini waanze kutazamia nini.

Kuna huzuni nyingine ambayo wengi wanaiona aibu kuisema: kukosa chakula chenyewe. Jumapili, watu wamezunguka sahani moja, mikono inakutana, mazungumzo yananoga, nawe umemaliza kabla hawajaanza. Hilo linauma, na si udhaifu. Keti nao hata hivyo, mpaka mwisho, usikimbilie kuosha vyombo. Wapakulie. Utazoea kukaa mezani bila kula wakati wote, na mimi nimeona kwa wagonjwa wangu kwamba waliobaki mezani walikaa vizuri kuliko waliojificha chumbani. Waliojificha walianza kula peke yao usiku.

Umeandika pia kwamba unaona nywele kwenye kitana. Kunyonyoka huko kunatokea kwa wengi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha nywele zinarudi. Kula protini na umeze vitamini zako kila siku. Na jambo moja hukuuliza, lakini nakuambia kwa kuwa bado unapata hedhi: uzito ukishuka, mimba inaingia kwa urahisi zaidi. Ni vizuri kungoja mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya operesheni. Zungumza juu ya uzazi wa mpango mapema, na mimba ikitokea, pete inaweza kulegezwa ili ule vizuri.

Umeuliza uvumilie mpaka lini. Kwa kilo, jipe miaka miwili. Lakini kuna mambo ambayo hupaswi kuyavumilia hata usiku mmoja. Ukishindwa kumeza hata maji au mate kwa saa kadhaa, nenda hospitali. Maumivu makali ya tumbo yasiyoacha, homa pamoja na wekundu pale kwenye kidude, kutapika damu au choo cheusi, nenda. Usisubiri simu kutoka Johannesburg. Na kama umetapika siku nyingi bila kula, waambie kabla hawajakutundikia serumu, yaani dripu, ya glukosi kwamba una pete na hujala, wakupe vitamini B1 kwanza. Mwili uliokosa vitamini hiyo ukimiminiwa sukari, ubongo unaweza kuumia, na hapa mjini serumu ndicho kitu cha kwanza kutundikwa.

Malaria ikikushika, usidhani kila kutapika ni pete, wala kila homa ni malaria, pima. Kwa maumivu tumia paracetamol, na uepuke ibuprofen, diclofenac na aspirini isipokuwa daktari anayejua una pete amekuandikia. Vidonge vikubwa vinaweza kukwama, omba dawa ya maji, au umuulize mfamasia kama hicho kinaweza kupondwa, maana si vyote.

Kuhusu harusi: kama daftari litaonyesha unahitaji mjazo, nenda mapema, si chini ya majuma matano kabla ya siku yenyewe, ili ujue pete imekaaje. Mshonaji asikushonee nguo mpaka juma la mwisho. Siku ya harusi kula kidogo nyumbani kabla ya kutoka, kitu unachokijua kinapita, kwa sababu mama wa bibi arusi hapati hata dakika kumi za kutafuna kwa utulivu. Na ukifika Johannesburg safari hii, usitoke kliniki bila karatasi iliyoandikwa aina ya pete yako, mililita inazoweza kuchukua, na mililita zilizomo sasa. Ibebe kwenye pochi, na nakala moja aishike binti yako.